Kocha wa watani kaondoka, mume wangu na mwanangu hawasemezani

Shikamoo Anti,

Naomba usitaje jina langu. Watanzania wa huku Alabama tunajuana, barua hii ikisomwa simu zitaanza kulia. Mimi ni muuguzi, naishi Birmingham, nafanya zamu za usiku. Mume wangu alikuja Marekani mwaka 2004 kusomea ufugaji wa samaki Chuo Kikuu cha Auburn, nami nikamfuata mwaka uliofuata. Tuna watoto watatu: kijana wa miaka 17 na mabinti wawili wadogo.

Anti, ili unielewe lazima nikueleze kidogo kuhusu mpira wa huku, yaani futiboli ya Kimarekani, ile ya kushika mpira mkononi. Jimbo hili halina timu kwenye ligi yao kuu ya kulipwa, kwa hiyo mapenzi yote ya watu yamekwenda kwenye timu za vyuo viwili: Auburn, na Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Tuscaloosa. Ukikutana na mtu mara ya kwanza anakuuliza jina, halafu anakuuliza wewe ni wa upande gani. Mume wangu ni Auburn damu. Mwaka ule aliofika, timu ilishinda mechi zote 13 na bado ikanyimwa nafasi ya kucheza fainali. Akilizungumzia hilo mpaka leo anapandisha sauti utadhani limetokea jana.

Kijana wetu alizaliwa Auburn, Desemba 2006. Wiki chache baadaye, Januari 2007, Alabama wakamleta kocha Nick Saban. Yaani mwanangu na huyo mzee wameanza pamoja. Tangu apate akili hajawahi kuona Alabama ikifundishwa na mtu mwingine. Mpaka darasa la tano alikuwa akivaa fulana za Auburn kama baba yake. Lakini tulishahamia Birmingham, na wenzake shuleni karibu wote ni Alabama. Januari 2018 Alabama walipochukua ubingwa kwa pasi ya mwisho kwenye muda wa nyongeza, kesho yake akaniomba nimnunulie fulana nyekundu. Baba yake alicheka, akasema ni utoto, utapita. Haukupita.

Novemba 2023 timu hizi zilikutana Auburn. Tulikuwa na wageni, watu wamejaa sebuleni. Auburn wanaongoza, imebaki chini ya dakika moja, Alabama wako kwenye jaribio lao la mwisho na wanahitaji yadi 31. Hata mimi nisiyejua mpira nilijua imekwisha. Kijana wao akarusha mpira, mwenzake akaudaka kwenye kona kabisa ya uwanja, Alabama wakashinda 27 kwa 24. Mwanangu aliruka mpaka akamwaga sinia la sambusa. Mume wangu alitoka nje, akakaa kwenye gari mpaka wageni walipoondoka.

Sasa ikaja Jumatano ya tarehe 10 Januari 2024. Jioni najiandaa kwenda kazini, habari ikatoka kwamba Saban anastaafu. Mwanangu aliingia chumbani akafunga mlango. Mume wangu alirudi na bunda la tishu za chooni. Auburn wana desturi, wakishinda mechi wanakwenda kwenye miti ya pale mjini wanarusha tishu mpaka miti inakuwa myeupe. Basi na yeye akaurushia mti wa mbele ya nyumba yetu, chini ya dirisha la mtoto, huku anaimba na rafiki yake wa Auburn wakiwa kwenye simu ya video. Mvua iliponyesha mwisho wa wiki ile, karatasi ziligandamana kwenye matawi kama uji uliomwagika. Aliyezitoa kwa reki kabla ya kwenda shule alikuwa mwanangu, na hakuna aliyemtuma.

Siku mbili zile Alabama walipokuwa wanatafuta kocha, mume wangu hakulala. Alikuwa anafuatilia ndege binafsi kwenye simu, ndege gani imeruka kutoka Tuscaloosa, inaelekea wapi. Dan Lanning, kocha wa Oregon, akatoa video kusema haondoki. Mike Norvell wa Florida State akaongezewa mkataba. Sarkisian akabaki Texas. Kila mmoja akikataa, mume wangu anagonga mlango wa mtoto: "Mwingine huyo, kakataa!"

Ijumaa wakamtangaza Kalen DeBoer wa Washington. Usiku ule tulikula pamoja, nilikuwa sina zamu. Baba akasema, wamekataliwa na wote wamekwenda kuokota aliyechapwa Jumatatu. Ni kweli, huyo DeBoer alikuwa ametoka kufungwa fainali na Michigan siku nne kabla. Mwanangu akaweka uma chini akasema: "Baba, wewe si wa hapa. Hiyo Auburn yako haijui hata kama upo."

Mume wangu alinyamaza, kisha akamwambia, basi nenda ukasome kwa hao wanaokujua, na wao ndio watakulipia.

Tangu siku hiyo hawasemezani. Wachezaji wa Alabama walipoanza kuhama, maana kwa sheria ya wakati huo kocha akiondoka walikuwa wanapewa siku 30 za kutafuta chuo kingine, mume wangu akawa anawasomea mabinti majina yao kwa sauti mezani: Isaiah Bond kaenda Texas, Caleb Downs kaenda Ohio State. Mtoto anakula haraka anaondoka.

Shida yenyewe ni hii. Kijana amekubaliwa vyuo vyote viwili, uhandisi. Tuscaloosa wamempa ufadhili unaolipa sehemu kubwa ya ada, imebaki malazi na chakula. Auburn wamempa kidogo. Mwisho wa kuthibitisha ni tarehe 1 Mei. Nina akiba yangu ya zamu za ziada, naweza kulipa mwenyewe kimyakimya. Mwenzangu wa kazini ananiambia nilipe, mwanamume hasira zitamwisha akishaona jambo limekwisha. Dada yangu wa Morogoro ananiambia nisithubutu kumzunguka mume wangu kwenye jambo la mtoto.

Mume wangu mwenyewe anasema ni utani tu. Yeye ni Yanga, kaka yake wa Dar ni Simba. Novemba Simba walipofungwa tano kwa moja, wakamfukuza kocha wao Robertinho, alimtesa kaka yake kwa picha za vichekesho mpaka Benchikha alipotangazwa, na kaka mtu anacheka na kujibu. "Mbona yeye hanuni? Huyu mtoto Wamarekani wamemharibu, hajui utani."

Anti, nilipe? Au nimwambie mtoto aende Auburn nyumba ipate amani?

Mama wa Watatu, Birmingham

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa zamu za usiku juu ya haya yote.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka. Niliyocheka ni hiyo ya ndege. Mtu mzima mwenye shahada zake anakesha akiangalia alama ndogo ya ndege inavyotambaa kwenye ramani ya simu ili ajue jirani anamleta nani! Lakini nina mpwa wangu aliyesoma Georgia, nimemuuliza, akaniambia huko si jambo la ajabu hata kidogo, kocha akiondoka jimbo zima linakuwa hivyo. Yeye ndiye aliyenisaidia kuielewa hii habari, maana mpira wenyewe mimi siujui.

Nianze kwa kukurudishia ulichoniambia, uone kama nimekuelewa. Una mambo matatu yamefungwa kwenye kanga moja. Kuna mzaha wa mume wako ulioanza tarehe 10 Januari. Kuna maneno mawili yaliyosemwa mezani usiku wa Ijumaa, la mtoto na la baba. Halafu kuna ada na tarehe 1 Mei. Unaniuliza kuhusu la tatu, lakini barua nzima umeandika kuhusu mawili ya kwanza. Nadhani hata wewe unajua kwamba hela ukilipa leo, hayo mawili yatabaki pale pale mezani.

Tuzungumzie huu utani kwanza, kwa sababu mume wako ameutumia kama cheti cha ruhusa.

Hajakosea kusema kwamba utani ni kitu chetu. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kuambiana yasiyoandikika, hata msibani, na hakuna atakayekasirika. Babu anamwita mjukuu wake mchumba, mjukuu anamwambia babu amezeeka hafai. Kaka yake wa Dar ni mtani wake kwa maana zote, wamekua wote, mmoja Yanga mmoja Simba, leo kwako kesho kwangu. Lakini niambie, kwenye mila zetu umewahi kuona wapi baba na mwanawe wa kumzaa wakawa watani? Hawana. Wazee waliliona hilo zamani. Mtani ni mtu anayeweza kukurudishia kwa uzito uleule na usimfanye kitu. Mtoto hawezi kumrudishia baba, kwa sababu baba ndiye anayemlisha. Na uthibitisho umeuandika mwenyewe: kaka mtu alipojibu, alichekewa. Kijana alipojibu, aliondolewa ada. Mtani hanyimwi ada, mwanangu.

Kwa hiyo lile la kwamba mtoto hajui utani, au Wamarekani wamemharibu, mimi ningelisogeza kidogo pembeni. Inawezekana kabisa mtoto ameuelewa utani vizuri. Aliambiwa tunataniana, akajibu kama mtani, akakuta mwenzake amegeuka kuwa baba. Hili unaweza kumwambia mume wako siku akiwa ametulia, si kwa kumshitaki, bali kama swali: kaka yako angekujibu hivyo, ungemfanya nini?

Lakini nataka na mume wako nimtendee haki, maana kwenye barua yako ametoka kama mtu mkorofi na sidhani kama ni mkorofi.

Fikiria alipofika. Mwaka 2004 Auburn ndio waliokuwa wakubwa wa jimbo. Walimfunga Alabama miaka sita mfululizo, kuanzia 2002 mpaka 2007. Mwishoni mwa 2006, pale mwanao anazaliwa, Alabama walikuwa wamemfukuza kocha wao Mike Shula na wanahangaika kutafuta mwingine. Wakamwendea Rich Rodriguez wa West Virginia, akawakataa hadharani. Wakamtaka Saban, aliyekuwa anafundisha Miami kwenye ligi ya kulipwa, na tarehe 21 Desemba akasema mbele ya waandishi kwamba hatakuwa kocha wa Alabama. Mpwa wangu ananiambia Auburn walicheka mpaka machozi. Mume wako alikuwa pale, kijana ana mtoto mchanga, na bila shaka alicheka na wenzake. Tarehe 3 Januari ndege ikatua Tuscaloosa na Saban akiwa ndani. Mwaka uliofuata, 2008, Alabama wakamfunga Auburn 36 kwa sifuri. Halafu ikawa miaka 17 na mataji sita ya taifa. Kwenye mechi zao 17 za watani, Saban alishinda 12.

Katika miaka hiyohiyo Auburn wamepitisha makocha watano. Kumwondoa mmoja tu, Gus Malzahn, kuliwagharimu zaidi ya dola milioni 21 za kuvunja mkataba, wakamleta Bryan Harsin, naye hakumaliza misimu miwili wakamlipa tena mamilioni aondoke. (Hela ya kumlipa mtu asifanye kazi! Haya, tuyaache.) Mume wako ameishi miaka yote hiyo Birmingham, katikati ya watu wa Alabama, kila Jumatatu kazini.

Ndiyo maana hizo ndege mimi nimeziona tofauti na wewe. Wewe umeona mtu anayesherehekea. Mimi nimeona mtu aliyewahi kucheka wakati kama huo, kisha ndege ikatua. Anayefurahi kweli analala. Huyu alikuwa anakesha kuangalia nani anashuka. Sina hakika, simjui, lakini hebu mwulize kuhusu Desemba 2006 umsikie atakavyojibu.

Na kuna jambo jingine nalisema kwa tahadhari. Umeandika kwamba mtoto alivaa fulana za Auburn mpaka darasa la tano. Baba alicheka akasema utapita. Je, una hakika alicheka kwa sababu haikumuuma? Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, aliyezaliwa Auburn kwenyewe, amehamia upande wa pili, na aliyemvuta ni timu ya mtu mmoja. Huenda ule mti aliuvalisha tishu kwa kuwa mtu aliyemchukulia mwanawe ameondoka. Kama ndivyo, ilikuwa njia mbaya kupita zote ya kumwambia mtoto "rudi", lakini si sawa na kumwambia "nakucheka". Usimpelekee haya kama hukumu yangu. Yaweke moyoni, uangalie kama yanafanana na mtu unayeishi naye.

Sasa tuje kwa kijana, na hapa naomba univumilie. Sentensi yake umeiandika ukapita haraka, ukaenda kwenye jibu la baba. Mimi nimekaa pale. "Baba, wewe si wa hapa." Hili halihusu kocha, wala mpira. Mume wako yuko nchi ya watu mwaka wa ishirini huu. Kuna sehemu ngapi huko ambako mtu mweusi mwenye lafudhi ya kwetu anaingia na mgeni kabisa anamwamkia kama ndugu? Mpwa wangu anasema watu wa Auburn wakikutana popote, hata kiwanja cha ndege, mmoja akimwona mwenzake na kofia anamwambia "War Eagle", na mwenzake anamjibu hivyohivyo. Huenda kwa mume wako hiyo ndiyo salamu pekee huko inayomjia bila kwanza kuulizwa anatoka wapi. Na mtu wa kumwambia kwamba salamu hiyo si yake akawa mwanawe, mzaliwa wa hapo, mwenye pasipoti ya hapo. Kijana hakukusudia yote hayo, ana miaka 17 na alikuwa amegongewa mlango siku mbili. Lakini limeingia pale.

Je, aombe radhi? Anaweza, na kwa neno hilo tu, bila kuikana Alabama wala kuacha Tuscaloosa. Ukimlazimisha, utapata radhi ya mdomoni, na baba atajua. Ukimwachia kabisa, vijana wa umri ule wanaweza kunyamaza mpaka wakapakia mabegi. Katikati ya hayo kuna kumweleza tu. Anajua baba yake alivyofika? Anajua alifanya kazi gani akiwa mwanafunzi, nani alimpokea? Watoto wetu wa huko wanajua takwimu za kila mchezaji, habari ya baba zao hawajawahi kuhadithiwa.

Tuje kwenye hela.

Kulipa kimyakimya kunawezekana. Hela ni yako, umeitolea jasho, na sitakuambia kwamba huna haki nayo. Faida yake ni kwamba nafasi ya mtoto haipotei. Hatari yake ni kwamba mume wako atajua, maana barua za chuo zinakuja nyumbani, na siku atakayojua, ugomvi wa baba na mwana utakuwa umegeuka ugomvi wa mume na mke, na kijana atakuwa amejifunza kwamba yeye na mama yake wana siri dhidi ya baba. Mwenzako wa kazini anasema hasira zitakwisha, na huenda kwa mumewe zingekwisha. Ila angalia, kati ya kulipa kwa siri na kutolipa kuna kulipa kwa kumwambia: "Baba fulani, tarehe ikifika kama bado hamjasemezana, mimi nitathibitisha nafasi ya mtoto kwa akiba yangu. Sitaki uje uisikie kwa mtu." Hilo nalo lina hatari, anaweza kuliona kama tishio. Wewe ndiye unayejua sauti ya kulisemea.

Kwanza lakini, una uhakika kwamba amekataa? Alisema mara moja, usiku ule, baada ya kuchomwa. Kwenye barua sijaona kama amelirudia. Wanaume wetu wengine wakishasema jambo mezani mbele ya watoto hawawezi kulirudisha wenyewe, wanangoja mtu awafungulie mlango. Inawezekana tangu siku ile anangoja.

Kaka yake wa Dar ndiye wa kwanza niliyemfikiria. Ni kaka, ni mtani, na kwa kijana ni baba mkubwa. Anaweza kumwambia mume wako kwa kicheko maneno ambayo wewe ukiyasema yatakuwa vita, na amefungwa tano kwa moja, kwa hiyo ana haki ya kuzungumza juu ya kuchekwa. Shida ni kama ataweza kunyamaza. Jambo likiingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shangazi na mabinamu wote watatoa maoni, na mume wako atajifungia zaidi. Mpigie wewe, kwa sauti, usimwandikie.

Dada yako wa Morogoro ana lake la maana pia, ila yeye yuko mbali na tarehe 1 Mei. Hiyo tarehe ichunguze. Kwa wanaoanza chuo mwaka 2024 fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa masomo ilichelewa, ikafunguliwa mwishoni mwa Desemba 2023, ikawa na matatizo, na vyuo vingi vikawa vinasubiri taarifa. Ulizeni vyuo vyote viwili kama tarehe inabaki ileile. Na hiyo fomu inahitaji taarifa za mzazi, kwa hiyo kama haijajazwa, isisubiri watu wapatane.

Kuhusu kumwambia mtoto aende Auburn ili nyumba ipate amani, sitakuzuia kulifikiria. Mume wako ana hoja nzuri asiyoitumia kwa sababu amejaa hasira: Auburn inaheshimika sana kwa uhandisi, na hiyo ni hoja ya mzazi, si ya shabiki. Ningependa kuona barua mbili za vyuo zikiwa mezani, na karatasi ya tatu imeandikwa kila mwaka kila chuo kitawagharimu shilingi ngapi, ufadhili una masharti gani, akishusha alama unakatwa au haukatwi. Huenda hesabu ikasema Tuscaloosa waziwazi, na baba akapata pa kusimama bila kuonekana ameshindwa na DeBoer. Huenda tofauti ikawa ndogo kuliko mnavyodhani. Lakini mtoto akienda Auburn kama fidia ya maneno aliyosema mezani, kila atakapofeli somo atakuwa na mtu wa kumlaumu, na mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Na yeye kijana mwulize swali ambalo hajaulizwa. Saban hayupo tena. DeBoer anaweza kushinda, anaweza kufungwa. Timu ikifungwa mechi nne msimu ujao, bado anataka kuamka asubuhi kwenda darasani Tuscaloosa? Wachezaji waliohama walikuwa na siku zao 30 za kujiuliza. Naye apewe zake, bila mtu kumgongea mlango. Akikujibu kwa habari za maabara na walimu, utajua. Akikujibu kwa habari za uwanja, utajua pia. Yule mtoto aliyetoa karatasi kwenye mti bila kutumwa, akaenda shule, mimi nadhani anafikiri kuliko anavyosema.

Jambo moja la mwisho, wala si dogo. Umeniandikia anachotaka mume wako, anachotaka mwanao, ushauri wa mwenzako wa kazini na wa dada yako. Wewe mwenyewe, mama yake, uliyemzaa hapo Auburn na unayelala mchana ili ada ipatikane, unataka akasome wapi? Nimetafuta kwenye barua yote sijaona. Niandikie tena, na safari hii anza na hilo.